Madhabahu Mbili, Kaumu Moja?

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha tulikuwa tukipitia habari za wafalme wa Bani Israili, tukafika kwa Yosia, mfalme wa Yuda, ambaye yasemwa kwamba mnamo mwaka 622 kabla ya Miladi alizivunja madhabahu zote zilizokuwa nje ya Yerusalemu. Hatutaficha ya kwamba tulifurahi. Sisi ni watu tupendao islahi, na mpenda islahi akisikia habari za mfalme aliyeyavunja masanamu na kuyatia moto huona kama asikiaye sifa za babu yake. Mzee mmoja, ambaye hukaa karibu na mlango na aghalabu hasemi neno, akauliza: "Na hao waliovunjiwa madhabahu zao, baada ya kuvunjiwa walikuwa nani? Walibaki Bani Israili, au walikwisha kutoka?" Tulitaka kumjibu pale pale, tukashindwa. Haya tuyaandikayo ni jawabu tulilolitafuta tangu usiku ule, nasi twaliweka mbele ya ndugu zetu ili nao walipime.

Kwanza yafaa kuiondoa dhana waliyo nayo wengi, na sisi tulikuwa nayo, ya kwamba tangu zamani Bani Israili walikuwa na nyumba moja tu ya ibada, nayo ni ile aliyoijenga Nabii Suleiman (a.s.) huko Beit-ul-Makdis, na ya kwamba kila aliyechinja dhabihu mahali pengine alikuwa mwasi. Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Habari za Bani Israili hatuzisadiki zote kwa upofu wala hatuzikadhibishi zote kwa pupa, lakini vitabu vyao wenyewe vyataja Shilo, vyataja Betheli na Gilgali, na vyasema kwamba Nabii Iliyas (a.s.), alipowakabili watu wa Baali katika mlima Karmeli, aliitengeneza madhabahu ya Mungu iliyokuwa imebomolewa pale mlimani. Basi palikuwa na madhabahu Karmeli, na Nabii hakuilaumu kwa kuwa mbali na Yerusalemu. Aliihuzunikia kwa kuwa imevunjika.

Na ardhi nayo imetoa ushahidi wake. Huko Arad, ngome ya kusini mwa Yuda, wafukuaji wa mambo ya kale walikuta katika miaka ya 1960 hekalu dogo ndani ya ngome ya mfalme mwenyewe, lenye chumba cha ndani na madhabahu mbili za kufukizia. Mwaka 2020 wataalamu waliotazama masazo yaliyogandamana juu ya mawe yale walitangaza kwamba katika moja wameona ubani, na katika ya pili bangi. (Vijana wa darsa walicheka sana kwa hili la pili, tukawanyamazisha, kisha tukacheka na sisi.) Huko Beer-sheba yalipatikana mwaka 1973 mawe ya madhabahu yenye pembe nne, yamejengewa ndani ya ukuta wa ghala kana kwamba ni mawe ya kawaida. Na mahali paitwapo Motza, ambapo mtu akitoka Yerusalemu asubuhi kwa miguu hufika kabla jua halijawa kali, wafukuaji waliona mwaka 2012 hekalu lililotumika zama zile zile ambazo hekalu la Yerusalemu lilikuwa limesimama. Watu wa nyumba zote hizo walikuwa raia wa Yuda, na bila shaka wengi wao walijihesabu kuwa waja wema wa Mola wa baba zao.

Basi alipokuja Yosia na hukumu yake ya kwamba ibada ya dhabihu ni mahali pamoja tu, hakuwa akiwafukuza wageni waliojipenyeza. Alikuwa akiwaambia watu wake kwamba waliyoyafanya wao, na baba zao, na babu zao, hayafai tena. Hatusemi alikosea. Palikuwa na masanamu, palikuwa na ibada za jua na nyota hata ndani ya hekalu la Yerusalemu lenyewe, na mwenye kupenda tauhidi hawezi kuyaona hayo akanyamaza. Lakini mtazame, ewe ndugu msomaji, namna alivyowafanyia makuhani wa hizo madhabahu alizozivunja. Wale wa miji ya Yuda aliwaleta Yerusalemu. Hawakuruhusiwa kupanda kwenye madhabahu ya hekalu, bali walikula mkate usiotiwa chachu pamoja na ndugu zao. Kisha akavuka mpaka, akaenda katika miji ya Samaria, na huko makuhani aliwachinja juu ya madhabahu zao wenyewe.

Mfalme ni mmoja na safari ni moja, lakini hukumu ni mbili. Wa kwanza alimwambia, "Kazi yako imekwisha, lakini kaa ule nasi." Wa pili hakumwambia neno. Nasi twaona kwamba swali la mzee limekaa hapo katikati. Kumwambia mtu kwamba ibada yake ina kosa ni jambo moja, na kumwambia kwamba yeye si katika sisi ni jambo jingine. Hoja itoshayo kwa la kwanza haitoshi kwa la pili. Wenye kuvunja, aghalabu, huyachanganya. Nyundo ikishakuwa mkononi haichagui baina ya jiwe na mtu.

Wazee wao wa zamani zaidi walijua kuyapambanua. Katika habari za Yushaa bin Nun (a.s.), aliyekuwa msimamizi wa Bani Israili baada ya Nabii Musa (a.s.), yasimuliwa kwamba makabila mawili na nusu yaliyopewa nchi ya ng'ambo ya mto Jordani yalijenga madhabahu kubwa karibu na mto. Wale wa upande huu waliposikia walikusanyika Shilo tayari kwa vita. Walakin kabla ya kuvuka walimtuma Finehasi, mwana wa kuhani mkuu, pamoja na wakuu kumi, wakaulize. Na katika maneno waliyotumwa nayo mlikuwamo hili, ambalo latustaajabisha kila tulisomapo: kwamba ikiwa nchi yenu mwaiona si safi, basi njooni mkae kwetu tugawane. Nao wakajibiwa kwamba madhabahu ile si ya kuchinjia hata kidogo. Waliijenga kwa hofu, wasije watoto wa upande huu siku moja wakawaambia watoto wa upande ule, "Ninyi mto umetutenga nanyi, hamna fungu katika Mungu wetu." Waliijenga iwe shahidi kwamba ni wamoja. Wakuu kumi wakaridhika, wakarudi, na vita havikuwa.

Yaani jengo lile lile lililodhaniwa kuwa alama ya kutoka lilikuwa ni kilio cha kutotaka kutolewa. Lau wangelivuka na silaha kabla ya kuvuka na swali, wangeliwaua watu kwa kosa la kuwapenda.

Sasa twende Misri, kwani huko ndiko kwenye kisa kilichotuchukulia usiku mwingi. Katikati ya mto Naili, mbele ya mji wa Aswan, kiko kisiwa ambacho Wayunani walikiita Elephantine na wenyewe wakikiita Yebu. Katika karne ya 5 kabla ya Miladi walikaa huko askari wa Kiyahudi pamoja na wake na watoto wao, wakilinda mpaka kwa niaba ya Waajemi waliokuwa wakitawala Misri. Walikuwa na hekalu lao, lililojengwa kabla Waajemi hawajaiteka Misri mwaka 525, lenye milango mitano ya mawe na paa la mbao za mierezi. Karatasi zao za mafunjo, zilizoandikwa kwa Kiaramu na nyingi zikafukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20, zimetuletea barua, hati za ndoa, madeni na magomvi yao. Mwaka 410 kabla ya Miladi, alipokuwa liwali mkuu hayupo, makuhani wa sanamu la Khnum walipatana na mkuu wa mahali pale, aitwaye Vidranga, wakaletwa askari na hekalu likabomolewa na kuchomwa moto.

Watu wa Yebu walifunga na kuvaa magunia, wasijipake mafuta wala wasinywe mvinyo. Tena waliandika barua Yerusalemu, kwa Yohanani aliyekuwa kuhani mkuu, na kwa makuhani wenzake, na kwa wakubwa wa Yuda. Barua haikujibiwa. Miaka mitatu baada ya msiba, mwaka 407, waliandika tena, mara hii kwa Bagohi, liwali wa Yuda, na wakawapa habari vilevile wana wa Sanbalati, liwali wa Samaria. Katika barua hiyo ya pili walitaja, bila matusi, kwamba ile ya kwanza haikuletewa majibu.

Kwa nini Yerusalemu ilinyamaza? Makuhani hawakuacha maelezo, lakini si vigumu kukisia. Hukumu ya Yosia ilikuwa imekwisha kuwa sharia: dhabihu ni Yerusalemu tu. Hekalu la Yebu halikutakiwa kuwapo, na kubomoka kwake huenda kuliwaondolea watu udhia.

Na hapa yule mpenda islahi aliye ndani yetu husimama akasema: walikuwa na haki! Kwani katika karatasi hizo hizo imo orodha ya michango, kila mtu shekeli mbili za fedha, na kichwa cha orodha chasema kwamba ni fedha za Mungu wao, Yahu. Lakini mwishoni, katika kugawanya, shekeli 126 ni za Yahu, 70 ni za Eshem-Betheli, na 120 ni za Anati-Betheli, na hao wawili ni majina ya miungu wa watu wa Shamu. Kiko pia kiapo ambacho mtu aliapa kwa Anati-Yahu na kwa masgida, yaani mahali pa kusujudia. Tulipoliona neno hilo tulishtuka, maana ni ndugu wa damu wa neno msikiti, na hapa limewekwa jirani na jina la mungu wa kike. Hatuwezi kuyafunika haya. Tauhidi ya watu wa Yebu ilikuwa na tundu, wala haikuwa tundu dogo.

Walakin tundu lile halikuzibwa kwa kimya. Hilo ndilo litukeralo. Mwaka 419, miaka kama tisa kabla ya msiba, alikuwapo mtu aitwaye Hanania aliyewaandikia watu wa Yebu kuwaelekeza namna ya kuzishika siku za mikate isiyotiwa chachu: siku gani waanze, waache nini, wajitakase vipi. Naye aliianza barua kwa kuwaita ndugu zake, na kujiita ndugu yao. Maelekezo yalikuja ndani ya salamu. Basi yawezekana kumsahihisha mtu bila ya kumkana, na jambo hilo lilikwisha kufanywa, kwa watu wale wale, na kumbukumbu yake ilikuwa ingali mbichi. Makuhani wa Yerusalemu wangaliweza kuandika, "Ndugu zetu, msiba wenu ni wetu, lakini Anati mwondoeni." Wangaliweza hata kuandika, "Nyumba yenu hatuikubali, lakini twawapa pole." Karatasi ya mafunjo haikuwa ghali kiasi hicho.

Waliojibu ni wengine, Bagohi liwali wa Yuda na Delaya mwana wa liwali wa Samaria. Jawabu lao lilikuwa fupi, neno la kupelekwa kwa mdomo likaandikwa lisisahauliwe: nyumba ile ya madhabahu ya Mungu wa mbinguni ijengwe mahali pake kama ilivyokuwa, na watoe sadaka ya unga na ubani. Dhabihu za kuteketezwa hazikutajwa. Na watu wa Yebu wenyewe, katika karatasi nyingine, waliahidi kwamba wakiruhusiwa kujenga hawatateketeza kondoo wala ng'ombe wala mbuzi, bali ubani na unga tu. Yaani walipoambiwa kwa ulimi wa kuongea nao, walikubali kupunguza. Hati ya kuuziana nyumba ya mwaka 402 yalitaja tena hekalu la Yahu kuwa ndio mpaka wa kiwanja. Kwa hiyo yaonekana lilisimama tena.

Tumekaa Yebu muda mrefu, na Samaria tutapita upesi, ijapokuwa kisa chake ni kirefu. Juu ya mlima Gerizimu, ulio juu ya mji wa Nablus, walikuwapo Bani Israili wengine na hekalu lao tangu karne ile ile ya 5. Ufukuaji ulioanza mwaka 1982 ulitoa mifupa mingi sana ya wanyama wa dhabihu na maandishi ya mawe kama 400, na majina ya walioandika ni majina yale yale yaliyotumika Yuda. Kikundi chao kilichokaa katika kisiwa cha Delos, bahari ya Wayunani, kilijiandika juu ya jiwe kuwa ni Waisraeli wapelekao sadaka Gerizimu. Walijiita Waisraeli wala hawakuona haja ya kueleza zaidi. Mwishoni mwa karne ya 2 kabla ya Miladi Yohana Hirkano, mtawala na kuhani mkuu wa Yerusalemu, alipanda mlima ule akaliangamiza hekalu. Tangu hapo hapakuwa na barua tena. Yerusalemu yenyewe ilipoteza hekalu lake mwaka 70 baada ya Miladi, kwa mkono wa Warumi. Na baada ya hapo bado wanazuoni wa Kiyahudi waliandika, katika risala ndogo juu ya Wasamaria, kwamba watapokewa siku watakapoukana mlima Gerizimu na kuikiri Yerusalemu na ufufuo wa wafu. Hekalu halipo hapa, halipo kule, na watu wangali wakitengana kwa majivu. Wasamaria wako hadi leo, hawatimii elfu moja, na kila mwaka wachinja kondoo wa Pasaka juu ya mlima ule.

Haki yatutaka tuseme kwamba wanazuoni hao hao, katika jambo jingine, walihukumu kwa upole. Kuhani wa Kiyahudi wa ukoo wa Onia alijenga hekalu Misri katika karne ya 2 kabla ya Miladi, likadumu mpaka Warumi wakalifunga mwaka 73 au 74. Wanazuoni waliulizwa juu ya makuhani waliotumikia huko. Walisema hawatumikii Yerusalemu, lakini hupewa fungu lao na hula, kama kuhani mwenye kilema. Na ushahidi walioutoa ni wale makuhani wa Yosia waliokula mkate na ndugu zao.

Katika dini yetu jambo hili si geni. Waislamu wa Madina waliswali kiasi cha miezi kumi na sita au kumi na saba wakielekea Beit-ul-Makdis, kisha kibla kikageuzwa kuwa Al-Kaaba. Watu wakaingiwa na wasiwasi juu ya wenzao waliokwisha kufa kabla ya kugeuzwa. Na jawabu la Kurani Tukufu, katika Suratul Baqara, ni kwamba imani yao haikupotezwa. Atakayetujibu kwa habari ya Masjid Dhirar, msikiti ambao Mtume (s.a.w.) aliamuru ubomolewe, twamwambia: naam, lakini msikiti ule ulibomolewa kwa kuwa wahyi ulifunua yaliyokuwa vifuani mwa waliouasisi. Sisi hatuletewi wahyi. Tuletewacho sisi ni maneno ya barazani.

Na kwa kuwa tumelitaja baraza, tutasema lililotufanya tuliandike jambo hili sasa badala ya kuliacha liwe mazungumzo ya darsa. Haukupita muda mrefu tangu alipofariki mtu katika mtaa mmoja, hatuutaji, ambamo Ijumaa zimekuwa mbili. Marehemu alikuwa akiswali katika ile ya pili. Watu wa msikiti wa kwanza hawakulifuata jeneza lake, ijapokuwa baadhi yao walikuwa wamekula naye chuo kimoja tangu udogoni. Mmoja wao alipoulizwa alijibu, "Alikwisha kuchagua watu wake." Tunaona haya kuandika kwamba mwenye kusema hivyo ni mtu wa islahi, mwenye elimu, na kwamba tulipomsikia hatukumjibu.

Tuliyasoma haya mbele ya darsa kabla ya kuyapeleka kupigwa chapa. Mzee wetu wa mlangoni aliyasikiliza yote, kisha akauliza kama Ijumaa ile ya pili yasihi au haisihi, na kama mwenye kuiswali yampasa kurudia Adhuhuri. Hilo ni swali la fikihi, lina masharti yake kwa Mashafii na hitilafu zake, nalo ni mbali na hili. Tutalijibu katika toleo lijalo, inshallah.